Walipotugawa Shule

Nakumbuka siku moja nilijificha nyuma ya kibanda cha kituo cha tramu ili rafiki yangu Elif asinione. Hapo ni Ujerumani, mwanangu, kabla sijajua kuna mji huu wa Birmingham. Tulikuwa tumetoka Bukavu, Kongo, nikiwa bado mdogo, na Elif, binti wa Kituruki wa ghorofa ya juu, ndiye aliyenifundisha Kijerumani tukiruka kamba uani.

Kule watoto hugawanywa mapema, wakimaliza tu darasa la nne. Wengine huenda Gymnasium, njia ya chuo kikuu; wengine Realschule, ya kati; waliobaki Hauptschule, ambako wengi hutoka kwenda kujifunza ufundi. Elif akapelekwa ya kwanza. Mimi, kwa Kijerumani changu cha kuchechemea, nikapelekwa ya mwisho.

Nikaacha kumsalimu. Akigonga mlango, namwomba mama aseme nimelala. Jioni moja baba, mtu wa maneno machache aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, akaniuliza tukila fufu:

“Elif amekukosea nini?”

“Yeye ni wa Gymnasium, papa.”

Akameza kwanza. “Shule inawatenga nyinyi wawili asubuhi, na jioni wewe unaimalizia kazi hiyo. Panda juu ukamsalimu.”

Nikapanda. Elif alifungua mlango, akaanza kulia. Kumbe huko shuleni kwake hakuwa na hata mtu wa kula naye. Tangu hapo tukawa tunasomea jikoni kwao, mama yake akioka mkate. Na Hauptschule yenyewe naikumbuka kwa upendo: vumbi la mbao katika darasa la useremala, supu tulizopika wenyewe. Baadaye mwalimu akanihamishia Realschule, kisha nikasomea uuguzi, kazi iliyonileta hapa. Elif bado hunipigia simu Jumapili.

Sasa nasikia shuleni umeshushwa hadi kundi la chini la hesabu, nawe hukai tena na rafiki yako Grace wakati wa chakula. Nikikuuliza mimi shangazi yako, unanijibu, “I'm fine, tante.” Haya. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kundi ni mahali ulipowekwa leo; rafiki usimwache kwa sababu ya kundi. Kesho kaa naye, umwambie akuelekeze hesabu, na usione haya kuuliza.

Mungu akufungue akili, mwanangu, na asikunyime wa kusoma naye.