Alhamisi Niliyojificha Chini ya Samadari ya Kaltuma

Nimewahi kulala chini ya kitanda cha jirani, juu yake amekaa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Msicheke kwanza.

Ilikuwa Malindi, mtaa wa Shela, mwaka wa 1984. Mume wangu alikuwa amefariki, nami nimo edani. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Hutoki, hujipambi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa tu.

Shemeji yangu Badi alikuwa ameshaniambia wazi, "Ukionekana nje ya nyumba hii, Shekha, tafuta pa kwenda. Watoto tutabaki nao."

Mwanamke mwenye akili angetulia. Lakini mimi na tivii, lo!

Kila Alhamisi jioni kulikuwa na mchezo wa mzungu mmoja rubani, ndege yake yatua majini, visiwa vya mbali huko, minazi kama ya kwetu. Kila wiki anafungiwa mahali, kila wiki anatoka. Wallahi, mimi nilikuwa naangalia kule kutoka tu.

Tivii ilikuwa kwa shoga yangu Kaltuma. Nyumba zetu zilishikana, na uani mlikuwa na kijilango cha wanawake. Nikajidanganya kwamba kupita uani si kutoka.

Siku hiyo mimi na Kaltuma tumeketi chumbani mwake, rubani katupwa shimoni, maji yanapanda. Mara, "Hodi!" Sauti ya mavyaa, Bi Mishi.

Nikajitupa chini ya samadari, kitanda cha Kaltuma cha miguu mirefu.

Bi Mishi, yeye aliyekuwa akisema tivii ni kazi ya shetani, kaingia, kakaa kitandani, macho kwenye tivii. Visigino vyake viko mbele ya pua yangu. Vumbi na joto. Nikawafikiria wanangu wawili, nikalia bila sauti.

Kisha nikaona pindo la nguo yangu nyeupe ya eda limebaki nje. Nikilivuta, atasikia.

Hodi ya pili. Badi!

"Mama, Shekha hayuko nyumbani! Nimeita mpaka nimechoka. Yuko humu?"

Mguu wa Bi Mishi ukasogea polepole, ukalikanyaga lile pindo, ukalisukuma ndani.

"Yuko msalani huko kwetu, tumbo lamsumbua. Tangu lini mwanamume akasimama mlangoni kumpigia kelele mwenye eda? Huna haya? Nenda zako!"

Badi akaondoka akiomba radhi.

"Toka huko," Bi Mishi akasema.

Nikatoka. "Nisamehe, mama."

Hakunitazama. "Babake Badi na marehemu mumeo alikuwa mume wangu wa pili. Wa kwanza alipokufa, nilitoka edani mara moja tu, kuchota maji. Nduguye akaniona. Nilikuwa na binti wa miaka mitatu, wakamchukua. Mpaka leo sijamwona tena."

Kaltuma akaizima tivii.

Niliishi na Bi Mishi miaka kumi na moja zaidi. Alipokufa, nilimwosha kwa mikono yangu hii.

Basi ukiwa na mkali nyumbani kwako, kabla hujamsengenya, muulize yeye alinyang'anywa nini. Mimi sikuuliza. Nilijificha.