Siku Niliyompumzisha Mama kwa Nguvu

Jambo hili nimelificha, hata ofisini halijulikani, lakini kwa kuwa mmenibana leo acheni niseme, na atakayecheka acheke, maana mimi mwenyewe nikilikumbuka natafuta pa kuficha uso.

Lilianzia kwenye semina ya kazini hapa Sumbawanga. Mwezeshaji alituhubiria kuhusu burudani (eti binadamu asiyeburudika ni mgonjwa anayetembea), akatuuliza mmoja mmoja wazazi wetu wanaburudika kwa kitu gani, wenzangu wakataja bao, redio, kwaya, ilipofika zamu yangu nikabaki nakodoa macho. Mama yangu ni mjane, ana miaka sabini na minne, anaishi peke yake upande wa Mwimbi, na kila nikienda namkuta ameinamia kazi. Nikaona aibu, nikaapa mwaka huu mama atapumzika, apende asipende.

Sasa kwetu ulezi huupuri peke yako. Unapika pombe, majirani wanakuja na fimbo zao, mnapura huku mnaimba, mwenye uwanja ndiye anayeanzisha nyimbo na wengine wanaitikia, mkimaliza mnahamia kwa mwingine. Zamu ya mama ilikuwa Jumamosi, na pombe alikwisha kuipika. Ijumaa akaenda kulala msibani kijiji cha pili, na mimi (mjanja wa mjini!) nikaleta mashine ya kupura ya kukodi, hadi jioni ulezi wote ulikuwa kwenye magunia na uwanja umefagiliwa.

Asubuhi nikapanga viti vya plastiki, nikafungulia muziki kwenye spika, nikavaa gauni jipya. Wakaja wanawake kama ishirini, fimbo mabegani, wameongozana na mama aliyekuwa anatoka msibani. Walipouona uwanja mtupu wakasimama. Mtu mwenye akili angezisoma zile nyuso, lakini mimi nikashika kipaza sauti nikawatangazia kwamba kazi imekwisha, leo ni burudani tu, karibuni mkae mnywe.

Hakukaa mtu. Mama Skola, jirani wa mama tangu mimi sijazaliwa, akanijibu taratibu kwamba ile ni pombe ya kazi, na wao hawajafanya kazi, watainywaje? Nikachanganyikiwa. Mnajua nilifanya nini? Nikafungua gunia, nikaanza kumwaga ulezi uwanjani ili waupure tena, ulezi uliokwisha kupurwa, jamani, na gauni langu limejaa vumbi, na spika bado inapiga. Hapo wakacheka hadi wengine wakaegemea fimbo, na mimi nikacheka nao kwa kukosa la kufanya. Kisha wakaaga kwa heshima, wakaondoka.

Mama hakucheka. Aliinama akaanza kuzoa ulezi kwa viganja, nikainama naye, nikamwambia mama, nilitaka upumzike.

"Kupumzika nakaa mle ndani peke yangu mwaka mzima," akasema. "Tangu baba yako afe sijaanzisha wimbo. Mwaka huu nilijisikia kuimba."

Nililia pale pale. Mwezeshaji angeniuliza tena siku ile ningekuwa na jibu, lakini nilikuwa nimeshalifungia kwenye magunia. Nilikuwa nimedhani burudani ni kukaa kwenye kiti na kutofanya kitu, kwa sababu mimi nikitoka ofisini hicho ndicho ninachokitaka, na sikumuuliza mwenyewe hata mara moja.

Jioni nilikwenda kwa Mama Skola kuomba radhi, maana niliogopa hawatamwita tena mama kwenye zamu zao. Akanitazama, akasema, "Mama yako ni wetu. Jumanne mje nyote wawili kwangu. Wewe uje na mikono yako tu."

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Kufika saa nne viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, wakanitania siku nzima, wakaniita Bibi Mashine, nikaitikia jina. Mama alikuwa upande wa pili wa uwanja, anapura, uso umechangamka kidogo. Lakini uwanja ulikuwa wa Mama Skola, nyimbo alianzisha Mama Skola, na mama aliitikia tu kama sisi wengine.

Ulezi tunavuna mara moja kwa mwaka. Nimeapa sitampumzisha mtu tena kabla ya kumuuliza, na kila nikisali namwombea mama afike msimu ujao na sauti yake.