Askari wa Suezi Akataa Kuandikwa Kwamba Ameanguka

Mhudumu Flaviana alimwinua Mzee Nehemiah kutoka sakafu ya bafu, akamketisha kitini, akampapasa nyonga kuhakikisha hajavunjika, ndipo akachukua daftari la zamu. Wote wawili walikumbuka alichosema Kibet, mwana wa mzee na mwenye nyumba hiyo ya Lanham, Marekani: baba akianguka tena, atahamishiwa makao ya wazee kule Landover.

"Andika nilikaa chini kwa hiari yangu."

"Ulianguka, mzee."

"Nyinyi Watanzania mnaongea polepole hadi uongo unasikika kama sala."

"Na nyinyi Wakenya mnaamrisha hata mkiwa sakafuni."

Mzee hakucheka. Ujanani, akiwa askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, alilinda ghala kando ya Mfereji wa Suezi hadi kambi ilipofungwa katikati ya mwaka 1956. Mwezi uliofuata Misri iliutaifisha mfereji. Waingereza wakarudi na mizinga, pamoja na Wafaransa. Pauni yao ikaporomoka, Marekani ikawanyima msaada wa fedha, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamefunga virago. Nehemiah, aliyekuwa amerudishwa Kenya, kambini Gilgil, alimsikia afisa wake akitangaza kwamba jeshi limeondoka kwa hiari baada ya kumaliza kazi. Kisa hicho alimsimulia Flaviana karibu kila asubuhi kwa miaka miwili, akiigiza midomo ya afisa, na kila mara alimalizia kwamba hapo ndipo alipojua himaya imekwisha: haikuweza kugharimia vita vyake wala kukiri kwamba imeshindwa.

"Yule afisa wako wa Gilgil," alisema Flaviana, "naye alikaa chini kwa hiari yake?"

"Toka nyumbani kwangu."

"Nyumba ni ya Kibet. Na nikiandika uongo, nanyang'anywa cheti cha uhudumu."

"Basi lete hilo daftari."

Alimpa. Mzee aliandika: Nilianguka. Nikainuka mwenyewe. Akamtupia daftari, akaugeukia ukuta.

Flaviana aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hakufuta hata moja. Chini yake aliongeza: Aliinuliwa na mhudumu, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kisha akaenda kumkorogea uji. Mzee aliukataa, na hilo nalo akaliandika.