Redio ya Jirani Nyumbani kwa Mzee Gervas

Siku yangu ya kwanza katika kamati ya ufadhili, Afisa Elimu wa Wilaya ya Ngara alinikabidhi baiskeli na maneno machache: "Mwalimu, umefundisha watoto kusoma. Sasa kawaombee wafadhili wasome zaidi. Na usione haya, haya haijasomesha mtu."

Sikuona haya. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wamevuka mpaka pale Rusumo wakikimbia vita, kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona, kambi zikafunika vilima vya Kasulo, kuni zikawa adimu, na kijana yeyote mwenye Kiingereza cha kubahatisha alipata ukarani kambini. Wengi waliacha masomo kwa ajili ya mshahara huo, nami siwalaumu. Lakini sisi wachache tulikuwa na kazi nyingine, na mpaka leo naisema kifua mbele: tulikuwa tunapeleka watoto wa wakulima chuo kikuu.

Ninyi vijana mmekuta mikopo. Wakati wetu, chuo kikuu cha umma kilikuwa kimeanza kumtaka mwanafunzi achangie gharama, na mzazi mwenye migomba na maharage tu aliipokea barua ya chuo kwa furaha na hofu pamoja. Ndipo tukawatafuta wafadhili, yaani watu binafsi waliokubali kumlipia mwanafunzi mpaka amalize: mnunuzi wa kahawa, wakala wa forodha pale Rusumo, yeyote mwenye moyo. Wao walilipa chuoni moja kwa moja. Kazi yetu ilikuwa kupendekeza jina, na kabla ya hapo tulifanya ukaguzi wa kaya, maana yake kufika nyumbani kwa mwombaji na kujionea kama kweli hana uwezo.

Mwenyekiti wetu, mkuu wa shule ya sekondari, alikuwa na msemo wake: "Macho hayana upendeleo." Nilimheshimu sana mzee yule, ila kwa hilo alikosea, na tulilijua kosa hilo kijijini Murusagamba.

Huko alikuwako binti aitwaye Consolata, mtoto wa mzee Gervas. Alikuwa amepokelewa kusomea uhandisi wa maji. Siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imekaribia, na kambini walikuwa wameshamwahidi kazi ya ghala. Asipopata mfadhili, angekwenda kupanga magunia, na akili yote ile ingeishia hapo. Mfadhili tuliyebaki naye alikuwa mmoja tu, mwenye malori kutoka Mwanza, naye alitaka kuiona familia kwa macho yake. Tukatuma taarifa kwamba tunakuja.

Tulifika tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Sebuleni tulikuta viti vya mito vyenye vitambaa vya kufuma, redio kubwa, na vikombe vya maua. Uani mbuzi wanne walikuwa wamefungwa. Mzee Gervas alitupokea amevaa koti, na kuku akaletwa mezani.

Mfadhili alikula kidogo, akaniinamia. "Mwalimu, redio hii inaishinda ya kwangu. Mimi nimekuja kumsaidia asiye na kitu."

Nilijua kilichotokea, maana hata mama yangu alifanya hivyo. Kwetu mgeni mkubwa akitangazwa, kijiji chote hupamba nyumba moja. Lakini ningelisemaje mbele ya mwenye nyumba? Ningekuwa nimemvua nguo. Na nikinyamaza, Consolata anakwenda ghalani. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, ananitazama.

Ndipo akaingia mama mmoja jirani, anahema. "Shikamooni wageni. Baba Consolata, nisamehe jamani, wakwe zangu wametokea bila taarifa. Naomba vile vikombe, na redio kama wageni hawaisikilizi."

Mzee Gervas aliangalia chini. Mfadhili akaweka kijiko.

"Mzee, ulijua nimekuja kutazama shida yako?"

"Nilijua, mwanangu."

"Sasa mbona umeificha?"

"Umetoka mbali ukaja kwangu. Nikukalishe kwenye mkeka uliochanika ili nipate kitu? Mgeni hatumlishi shida zetu. Mtoto wangu namtakia chuo, lakini si kwa kukutukana wewe."

Hapo nikapata mlango. "Bwana mkubwa," nikasema, "hata mbuzi si wake. Ila huku kwetu mtu asiyeaminika haazimwi hata jembe. Huyu ameazimwa kijiji kizima."

Mfadhili akacheka mpaka akafuta macho. "Benki haijawahi kuniamini namna hiyo. Binti aende chuo. Na wewe mama, chukua vikombe, wakwe wasikae na kiu."

Consolata aliweka birika chini akatoka nje, tukamsikia analia.

Tangu siku hiyo tulianza ukaguzi kwa majirani, tena bila gari wala taarifa. Nilipohamishiwa Biharamulo nilikwenda na utaratibu huo, na Afisa Elimu wa huko, aliyeanza kwa kunicheka, aliishia kuufundisha kwa wengine. Vijana tuliowapendekeza leo ni walimu, waganga, mahakimu. Sikujenga ghorofa, lakini nikipita hospitalini au mahakamani nasimamishwa kusalimiwa, na ninajivuna, kwa nini nisijivune?

Nimestaafu sasa. Mzee Gervas ameshatangulia mbele ya haki. Majuzi katibu kijana wa kamati alinijia akilalamika kwamba amepata mfadhili mkaidi, mhandisi wa maji, anayemlipia kijana wa Murusagamba lakini amekataa katakata kwenda kuiona familia.

"Nimemwambia Mama Mhandisi gari lipo," alisema. "Amenijibu nyumbani kwa watu hawa atakwenda siku mtoto wao atakapohitimu, tena kama watamwalika."