Vumbi la Nyota kwenye Beseni

Vumbi la Riyadh halina adabu. Unalifuta asubuhi, mchana limerudi na kutanda mezani kama mwenye nyumba. Zipporah alipigana nalo tangu apate ikama, kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, na kwa usafi hakuna aliyempata. Madam Hessa, mwajiri wake, mwenyewe alikiri, ndiyo maana akamwahidi: "Nikirudi kutoka Jeddah, unaenda Kenya kumwoza binti yako."

Na kazi ya madam, ajabu, ilikuwa vumbi hilohilo, ila la mbali. Kuna nyota imezeeka, imejizungushia vumbi na gesi, naye alichunguza mwanga wake wa joto, ule usioonekana kwa jicho, ajue vumbi lile ni la nini. Alikuwa ametengeneza vumbi la mfano wake maabarani, sasa alipeleke Jeddah kwenye mtambo, alilinganishe na la nyota.

Asubuhi ya safari kasha la madam liliachwa wazi juu ya meza ya chakula. Ndani mlikuwa na vidude vya duara, mfano wa vioo vidogo vyenye madoa ya kijivu. Zipporah akaguna. Madam aende mbele za watu na vioo vichafu? Akavitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni ili uchafu ulainike, akaenda kuchemsha gahawa.

Aliporudi, maji yalikuwa ya kijivu. Akapapasa chini ya beseni. Akapapasa tena. Mafi, hakuna kitu. Akatazama sakafuni, akageuka nyuma, labda kuna mtu kavichukua. Tangu azaliwe hajaona kioo kikiyeyuka.

Madam akatokea mlangoni, mkoba begani.

"Madam, niliviosha," Zipporah akasema. "Haki ya Mungu, sijui vimeenda wapi."

Madam aliliinamia beseni. "Havikuwa vioo. Vumbi langu nilikuwa nimelishindilia ndani ya chumvi. Kioo kinazuia ule mwanga, chumvi inaupitisha."

Zipporah alingoja matusi. Hayakuja, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Madam akamshika bega.

"Kosa ni langu, sikukuambia. Lakini sasa itabidi nikae Jeddah nivitengeneze vyote upya, mpaka mwaka uishe. Watoto wangu hapa nitamwachia nani? Likizo halas, Zipporah. Mwakani, inshallah."

Madam alipoondoka tu, simu ikalia. Ashley, bibi harusi wa mwezi ujao.

"Mum, fundi ako hapa, anashona sare za kina mama. Nipe vipimo vyako. Kiuno hasa, usiwe umenenepa huko ukatuaibisha."

Zipporah alitaka kumwambia likizo imefutwa. Akachukua futi ya kushonea, akajipima kiuno, akamtajia.