Meno ya Mjomba

Kwenye kliniki ya meno walimwita Msanii, na halikuwa jina la sifa. Kwenye bendi walimwita Plasta, na hilo nalo lilikuwa tusi. Basi tumwite Plasta, maana ndilo jina alilokuja kulizoea.

Kazi ya binti huyu ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alifanyia kazi nyuma ya kliniki, katika chumba kilichobanwa kati ya choo cha wagonjwa na stoo ya mifagio, chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Humo alimimina plasta kwenye vipimo vya vinywa vya watu, akapanga meno kwenye nta moja baada ya jingine, akaipika ile plastiki ya waridi inayogeuka kuwa ufizi, kisha akaisugua kwa mashine mpaka ing'ae. Vumbi lilimkaa kwenye nyusi, kwenye kucha, hata masikioni. Ijumaa jioni alibadilisha nguo chooni, akakumbatia tarumbeta lake, akaingia kwenye gari la bendi kwenda mji wowote uliowaita. Jumatatu asubuhi alirudi na macho mekundu na midomo iliyovimba.

Kila upande ulimchukia kwa ajili ya upande wa pili.

Daktari mwenye kliniki alikuwa mwanamume mnene aliyependa kuwa na watazamaji. Kila Jumatatu alimsubiri mlangoni. "Msanii," angesema kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha mwisho, "leo umetuletea mikono yako, au umeisahau jukwaani?" Wagonjwa wenye pamba mdomoni walicheka kwa pua.

Kwenye bendi hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kiongozi wake alikuwa mjomba wake wa damu, tumbo moja na mama yake. Ndiye aliyemfundisha tarumbeta tangu utotoni, akimchapa vidole kwa kijiti kila alipokosea, na tarumbeta alilopuliza lilikuwa la huyo huyo mjomba, alikuwa amemwazima tu. Garini alizoea kuwageukia wenzake na kusema, "Nyie wote nimewachukua kwa muziki. Huyu nimemchukua kwa sababu mama yake alilia. Akipuliza si mnaona vumbi linavyotoka?"

Miaka yote hiyo Plasta alipuliza tarumbeta la pili. La kwanza lilikuwa la Mjomba, na Mjomba hakugawa.

"Mjomba, ubeti mmoja tu," alimwomba siku moja, walipokuwa wakishusha vyombo.

"Acha kwanza kuwachongea wazee meno ya kwenda nayo kaburini. Ukishaacha, ndiyo uje tuongee."

Hakuacha. Alizipenda kazi zote mbili, jambo ambalo hakuna aliyemwamini. Alipenda kuona mtu aliyekuwa akiziba mdomo kwa kiganja akijitazama kwenye kioo na kusahau kuziba. Alipenda pia ile dakika tarumbeta linapopasua kelele za watu na ukumbi mzima kugeuza shingo. Ila kwa vile alipenda viwili na kutukanwa kwa vyote viwili, moyo wake ulianza kuchacha. Alimjibu Daktari kwa kusonya. Kwa Mjomba, jibu lake lilikuwa kumtazama tu, na mpiga dramu, mtu wa maneno machache aliyekaa naye kiti cha nyuma, alimwambia macho yale yangeweza kumlaza mtu hospitali.

Kisha meno ya Mjomba yakaanza kulegea.

Yalikuwa ya mbele, ya juu, yale yale yanayobeba uzito wote wa tarumbeta. Mwanzoni alilaumu chombo, akalaumu baridi, akamlaumu mpiga gitaa. Sauti za juu zikaanza kumkimbia moja moja. Likang'oka jino, likafuata jingine. Mwisho akamgeukia Plasta katikati ya mazoezi na kumwambia, "Haya, puliza la kwanza. Furahi basi! Si ulikuwa unaniombea?"

"Sikukuombea."

"Unacheka kwa ndani. Nakujua tangu hujajua kufunga kamba za viatu."

Ukweli ni kwamba alikuwa anacheka kwa ndani, kidogo. Alipuliza la kwanza siku ile, akalipuliza vizuri, na wenzake walipopiga makofi Mjomba alitoka nje akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mji ule ulikuwa na madaktari wengine wa meno. Mjomba alikwenda kliniki ile ile alimofanyia kazi mpwa wake. Labda ni kiburi, labda alitaka kumwonyesha kwamba hamwogopi. Plasta aliisikia sauti yake ikipenya pazia, akazima mashine.

"Nyuma huko ni nani anayetengeneza?" Mjomba aliuliza, hali akijua.

"Kuna msanii mmoja," Daktari alisema, wakacheka pamoja kama marafiki wa siku nyingi.

"Mwambie asilipue kazi awahi kwenda kucheza ngoma."

Daktari akang'oa yaliyobaki juu. Kidonda kilipopona akachukua kipimo, akamletea Plasta na kusema, "Meno ya kawaida, ya kulia chakula na kuchekea watu. Mzee wa watu tu." Mjomba hakuwa amemwambia kwamba anapuliza tarumbeta. Aliona aibu, au aliona kila mtu mjini lazima amjue.

Lakini Plasta alijua. Alijua kwamba tarumbeta husukuma meno ya juu kutoka mbele, na kwamba bandia ya kawaida ikisukumwa hivyo huachia kwa nyuma na kudondoka. Meno ya mpulizaji hupangwa pale pale yalipokuwa yale ya asili, na ile plastiki ya kwenye kaakaa hurefushwa nyuma ili ishike. Kwa kazi hiyo, mwenyewe lazima aje na chombo chake, apulize, arekebishiwe, apulize tena. Lilihitajika neno moja tu: mwambie aje na tarumbeta.

Akaifikiria Jumatatu baada ya Jumatatu. Akakifikiria kijiti. Akakaa kimya, akatengeneza meno mazuri sana ya kulia chakula na kuchekea watu. Mjomba alipokuja kujaribu yale ya nta, Plasta alisimama nyuma ya pazia na mikono mifukoni. Wala hakuchungulia.

Wiki ile ile Mjomba alipovishwa meno yenyewe, bendi iliitwa kwenye maonyesho makubwa, mji wa mbali, safari ya kuondoka Alhamisi. Plasta akaomba ruhusa.

"Hapana," Daktari alisema.

"Nimeshamaliza kazi zote. Naomba siku mbili tu."

"Nimesema hapana. Nimechoka kuajiri nusu mtu. Ukienda, usirudi."

Akaenda.

Njia nzima Mjomba alikuwa akimchekea kila mtu ili meno yaonekane. Alisema la kwanza limerudi kwa mwenyewe, na kwamba wanaojifanya warithi watarudi mahali pao. Mpiga dramu alimuuliza kama ameshayajaribu na tarumbeta. Mjomba akamwambia yeye apige ngozi zake na awaachie wenye midomo mambo ya midomo.

Walipanda jukwaani mchana, jua likiwaka, watu wamejaa hadi kwenye uzio. Wimbo wa kwanza ulikwenda salama, maana sauti zake zilikuwa za chini. Wa pili ulikuwa ule uliompa Mjomba jina, wenye sauti ndefu inayopanda na kupanda. Akafumba macho, akaegemeza tarumbeta mdomoni, akasukuma.

Badala ya sauti kukatoka mlio wa birika linalochemka. Akasukuma zaidi. Meno yakaachia nyuma, yakainuka, yakamjaa mdomoni, na alipofungua mdomo apate hewa yakaruka, yakagonga jukwaa, yakateleza hadi miguuni pa watu wa mbele. Kisha kicheko kikaanza pale mbele kikaenda hadi kwenye uzio. Mtu mmoja aliyanyanyua juu kama anauza.

Hapo Plasta alifanya jambo ambalo hata mpiga dramu hakulitegemea. Aliinua tarumbeta lake akaidaka ile sauti pale pale ilipomfia Mjomba, akaipandisha mpaka juu kabisa, safi, bila kumtazama. Watu wakaacha kucheka, wakaanza kushangilia. Mjomba alishuka jukwaani, akayapokonya meno yake, akayafunga kwenye leso.

Gari likaenda mpaka mbali na mji. Kisha Mjomba, bila meno, akageuka.

"Ulijua."

Angeweza kukataa. Wote walikuwa wanamtazama, na nadhani wote walitaka akatae.

"Nilijua," Plasta alisema.

"Ulijua yatadondoka?"

"Nilijua yanaweza. Ungeniambia ni ya kupulizia, ningeyatengeneza ya kupulizia. Hukuniambia. Ulikuja kwangu kupitia mlango wa mbele, ukanicheka na Daktari kupitia pazia."

"Mimi nikuombe wewe? Mimi niliyekufundisha kuvuta pumzi?"

"Ndiyo. Mimi."

"Dereva, simama!"

Dereva akasimama. Mjomba akanyoosha mkono, na Plasta akaelewa. Akampa tarumbeta, akateremka na mkoba wake kwenye barabara tupu, jua la alasiri. Mpiga dramu alikaa kidogo, akashusha pumzi, akateremka naye. "Sikuja kwa ajili yako," alimwambia gari lilipoondoka. "Wewe umefanya ushenzi. Ila yeye nimemchoka zaidi."

Jumatatu, kwenye kiti chake pale kliniki, Plasta alikuta mtu mwingine amevaa aproni yake. Daktari hakuinua hata macho. "Msanii, sanaa inakungoja."

Nyumbani mama yake alikuwa ameshapata habari, na ilikuwa imetiwa chumvi njiani. "Umemvua nguo kaka yangu mbele ya watu."

"Mama, na yeye amenivua miaka mingapi?"

"Yeye ni mjomba wako!"

"Ndiyo maana iliniuma."

Mama alimwekea chakula mezani, akachukua sahani yake mwenyewe akaenda kulia chumbani. Ikawa hivyo kwa majuma, mtu na binti yake chini ya paa moja kama wapangaji waliokosana.

Kuna fundi mmoja wa kike, mkali kama pilipili, aliyekuwa na karakana yake sokoni na kuwatengenezea meno madaktari kadhaa. Huyo alimpa Plasta meza kwa sharti moja: kazi iishe siku iliyoahidiwa, mengine hayamhusu. "Usiponiletea kazi nitakufukuza. Ukiniletea, hata ukalale mwezini." Ulikuwa uungwana mkubwa kuliko wowote Plasta aliowahi kuonyeshwa kazini. Akapata tarumbeta kuukuu lenye bonde ubavuni. Mpiga dramu akaleta wawili waliomchoka Mjomba pia, wakaanza bendi yao, ndogo, yenye ugomvi mwingi, inayosafiri kila ilipoitwa.

Kilichomkera ni kwamba usingizi haukumjia vizuri. Si kwamba alimwonea Mjomba huruma. Alikuwa amewahi kutoa kazi mbovu huku akijua ni mbovu, na mikono yake haikulisahau jambo hilo. Kila akipanga meno kwenye nta, aliona yale yakiteleza jukwaani.

Mjomba alikuja mwenyewe, mchana, bila kubisha hodi, na tarumbeta kwapani. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Bendi yake, Plasta alisikia baadaye, ilikuwa imekosa mwaliko msimu mzima. Aliifungua leso juu ya meza, juu kabisa ya kazi ya mtu mwingine.

"Tengeneza."

"Hatusalimiani?"

"Sikuja kusalimia."

"Kaa hapo, basi. Fungua mdomo."

Fundi mwenye karakana aliwatazama, akaona heri akanywe chai nje. Plasta akamwita daktari wa jirani achukue kipimo upya. Mjomba akaja siku hiyo, akaja nyingine, na zote walizimaliza kwa kugombana. Alimvisha ya nta, akamwambia apulize polepole, akayatoa, akasogeza jino kwa unene wa ukucha, akayarudisha. Karakana ikajaa milio ya ajabu mpaka wauza viatu wa jirani wakaja kulalamika.

"Juu zaidi," alimwambia.

"Usinifundishe."

"Basi puliza chini, uende kwenye mazishi. Juu zaidi!"

Ikapanda. Ilikwaruza, ikatetemeka, ikakaa. Mjomba alifumba macho akaishikilia hadi pumzi ilipokwisha, kisha akalitazama tarumbeta kana kwamba limemsengenya.

"Yakidondoka tena nakupeleka mahakamani," alisema.

"Ya kwanza nilikosea," Plasta alisema, uso ukiwa kwenye kazi. "Nilipaswa kusema. Haya hayatadondoka."

"Usidhani nimekusamehe."

"Na wewe usidhani nimesahau kijiti."

Akaondoka bila asante. Meno hayakudondoka. Kabla msimu haujaisha alikuwa amekusanya vijana wapya, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wenye sherehe kwamba bendi ya mpwa wake ni ya mafundi plasta, na akawanyang'anya harusi mbili zilizokuwa zimeshakubaliwa. Mama yake Plasta alikwenda kwenye moja, akarudi anasifu. "Kaka yangu amepuliza leo! Ungemsikia!"

"Nimemsikia mama, nilimtengeneza," Plasta akajibu, akaubamiza mlango, kisha akaufungua tena maana alikuwa amesahau mkoba wa safari, na gari lilikuwa linapiga honi nje.