Nililipia gari kwa simu ya marehemu

Kosa ni langu. Nalisema hapa mwanzo ili asiwepo wa kudhani kwamba mbele nitamtupia mtu mwingine. Sikulazimishwa, sikurogwa. Nilikaa kitako chumbani kwangu, nikabonyeza simu kwa kidole changu, pesa za watu zikaenda.

Mimi ni mwanamke wa Pemba, upande wa Wete. Skuli niliishia kidato cha pili. Majina nimeyabadilisha maana wenyewe wako hai na wana haya zao. Mume wangu nitamwita Baba Mize, kwa jina la binti yake mkubwa. Mize sikumzaa mimi. Nilimkuta ana miaka sita, mama yake kafariki, nikamlea pamoja na wanangu wawili wa kiume mpaka nikamwozesha.

Baba Mize alistaafu serikalini. Alipopata kiinua mgongo chake akasema atanunua gari, na gari yenyewe iwe mpya. Watu walimshangaa. Hapa kwetu gari tunazijua zikishatembea nchi za wenzetu.

"Mpya ya nini?" mdogo wake, Hamad, alimuuliza. "Zilizotumika zimejaa tele, tena kwa nusu bei."

"Hamad, miye nguo zangu mitumba, baskeli yangu mtumba, hata redio hii mtumba. Niache kitu kimoja nikitoe kwenye nailoni mwenyewe."

Mama yao anakaa kisiwani Fundo. Alicheka mpaka akakohoa. "Na hiyo gari yako itanifata Fundo kwa mashua?"

"Utakuja weye, mama. Nitakungoja bandarini nikufungulie mlango."

Ilikuwa gari ya watu saba, ya kukodisha kwa maharusi na abiria wa uwanja wa ndege. Ndiyo ingekuwa kazi yake ya uzeeni.

Alikwenda mwenyewe Dar es Salaam, kwenye duka la magari. Akaiona, akaigusa, akalipa arbuni, ile sehemu ya mwanzo, akarudi na ankara yenye muhuri. Jioni ile alinieleza kila kitu. Mhasibu wa duka alimwekea kidole juu ya karatasi akamwambia: "Mzee, salio lako ulipe kwenye akaunti hii tu, yenye jina la kampuni. Mtu yeyote akikwambia akaunti imebadilika, hata akisema ni mimi, usilipe. Piga kwanza namba hii ya ofisini, usikie sauti."

Nilisikia. Siwezi kusema sikujua.

Macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi ya simu. Msomaji na mwandishi wake nilikuwa mimi. Hata namba yake ya siri ya benki nilikuwa nayo. Muuzaji wa pale dukani, dada mmoja nitakayemwita Rehema, alikuwa na adabu sana, kila asubuhi anaamkia kwa ujumbe.

"Huyo Rehema wako kashaandika," nilimtania. "Miye mkeo miaka yote hii hujaniuliza nimeamkaje."

"Kwani weye umeniuzia gari?"

Wiki ya pili baada ya kurudi, alisali alasiri, akasema kichwa kinamuuma, akajinyoosha kwenye mkeka. Hakuinuka tena. Hospitali walituambia ni presha. Innalillahi. Tukazika, nikaingia eda.

Siku ya khitma Hamad alikaa nje ya mlango wa chumba changu. Ndani tulikuwa mimi, mama mkwe na Mize.

"Shemeji," alisema, "simu ya marehemu kaa nayo, waliokuwa na mambo yao naye watapiga. Lakini pesa iliyo benki isiguswe. Ukitoka eda na cheti cha kifo kikiwa tayari, tunakwenda kwa kadhi, kila mtu apate haki yake."

"Sawa," nikasema.

Mize alikuwa ameniegemea begani. Alikuwa ameachwa na mumewe, ana watoto watatu, anakaa chumba cha kupanga Chake Chake, na mwenye nyumba ameshamtaka ahame. Kiwanja baba yake alishampa. Haki yake katika pesa ile ndiyo ilikuwa matofali na mabati yake. Hilo nalo nililijua.

Asubuhi ya pili yake simu ya marehemu ikawaka. "Shikamoo mzee wangu, umeamkaje leo?"

Nikaandika: "Marahaba mwanangu, nimeamka salama."

Jamani! Sijui niwaeleze vipi. Nyumba nzima ilikuwa imeshabadilisha maneno. Wote wanasema alikuwa, alipenda, Mungu amrehemu. Huyu alikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa bado anamuuliza ameamkaje. Ningemwambia amekufa, basi angekuwa amekufa kila mahali.

Wanawake wenzangu walinisifu kwa subira. Haikuwa subira. Nilikuwa sihisi kitu. Nikipewa uji nakunywa, nikiambiwa lala nalala. Kitu pekee nilichokingoja kwa siku nzima ni ile salamu. Nikazidisha. Nikamwandikia Rehema kuwa leo nimekunywa chai kwa muhogo, leo mvua imenyesha, leo mke wangu kaninunia. Yeye akacheka kwa maandishi. Akauliza lini nitamalizia salio. Nikajibu, karibuni.

Siku moja akapiga. Nikaiangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza, kisha nikaandika: "Nina mafua, sauti imekauka. Niandikie tu." Uongo huo nilioutunga mwenyewe ndio uliokuja kunimaliza.

Siku chache baadaye ukaja ujumbe kwa namba nyingine. Picha ile ile ya Rehema, nembo ile ile ya duka. Anasema simu yake imeibiwa, hii ndiyo namba mpya, ile ya zamani anayo mwizi, nisiijibu. Anaijua gari, anaijua rangi, analijua salio. Alijulia wapi, mpaka leo sijaambiwa na mtu. Akasema akaunti ya kampuni iko kwenye ukaguzi, kwa hiyo nilipe kwenye nyingine. Tena nifanye haraka, kuna wateja wawili wanaitaka gari ile ile, na ikifika Ijumaa sijalipa, arbuni inapotea.

Salamu yake haikuwa ile. Rehema huandika shikamoo mzee wangu. Huyu aliandika habari za kazi mheshimiwa. Niliona. Nikajisemea, labda ana haraka.

Ankara ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka nilipokaa, na namba ya ofisini iko juu yake. Ningepiga. Lakini kupiga ni kutoa sauti, na sauti yangu si ya mwanamme. Wangeniuliza, mama wewe nani, mzee yuko wapi? Ningewajibu nini? Ningelazimika kusema.

Sikupiga.

Nikaifungia ile namba ya zamani ya Rehema isiweze kuniletea ujumbe. Nikaanza kulipa. Benki hairuhusu kutoa zote kwa siku moja, kwa hiyo nililipa siku tatu mfululizo. Kila mara, kabla pesa haijatoka, simu ilinionyesha jina la anayepokea. Lilikuwa jina la mwanamke nisiyemjua, wala si la kampuni. Kila mara iliniuliza, una uhakika? Mara tatu nikabonyeza ndiyo. Ole wangu!

Nilijipa sababu kwamba namalizia jambo aliloanza marehemu, na kwamba warithi wataikuta gari, na gari nayo ni mali. Lakini sikumwambia Hamad. Ningekuwa naamini ni haki ningemwambia.

Katika siku hizo hizo ofisi ya duka ikawa inapiga simu. Leo asubuhi, kesho adhuhuri, keshokutwa tena. Naitazama inalia, naiweka chini ya mto. Wenye haki walikuwa wanapiga, mwizi alikuwa anaandika, na mimi nilikuwa mtu wa kuandikiwa.

Nilipomaliza kulipa akaniambia gari itapakiwa melini wiki ijayo. Baada ya hapo picha yake ikatoweka. Nilichoandika hakikumfikia. Nikaendelea kukaa. Hata hapo sikushituka, nilidhani mtandao.

Wiki mbili tangu nianze kulipa, Hamad akaja baada ya sala ya Ijumaa, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao sikuwa nimeusikia tangu msiba.

"Shemeji, wale watu wa gari ni waungwana! Kumbe marehemu aliwaachia namba yangu. Wamenipigia, wanasema mzee hapokei simu wiki mbili. Nimewaeleza kafariki. Wamesikitika sana. Wanasema gari ipo, tukitaka tumalizie, tusipotaka wanaturudishia arbuni yote."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikasema, "Nshalipa."

"Umelipa nini?"

"Salio."

"Umemlipa nani, shemeji?"

Nikaipitisha simu chini ya pazia. Nikamsikia akisoma kwa kunong'ona. Mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu tangu msiba, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hamad, kuna nini tena, mwanangu? Kafa nani?"

Alitoka bila kuaga. Hamad si mtu wa kutoka bila kuaga.

Tulikwenda benki pamoja, nikiwa katika nguo zangu za eda. Karani akaangalia kompyuta yake.

"Mama, aliyelipa hapa ni mwenye akaunti?"

"Mwenye akaunti alikuwa kaburini."

"Sasa nani kalipa?"

"Miye."

Aliweka kalamu chini. Hamad akaangalia kandambili zake. Akaunti iliyopokea ilikuwa imeshatolewa pesa zote, kila mara siku ile ile zilipoingia. Polisi waliandika maelezo yangu. Waliniuliza kama najua kwamba kutoa pesa ya marehemu kabla ya mirathi ni kosa, hata kama nisingeibiwa. Nikasema najua. Wakaandika kwamba najua.

Jioni hiyo niliitoa ankara kabatini, nikapiga ile namba. Akapokea Rehema mwenyewe.

"Miye ni mke wa mzee," nilimwambia. "Mzee kafa."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo tangu tumzike. Wengine walikuwa wakilisema, mimi nikiitikia.

"Pole mama, shemeji yako alitwambia," alisema. "Lakini mimi niliandikiana na mzee hata baada ya hiyo tarehe aliyosema."

"Ulikuwa ukiandikiana na miye."

"Ungeniambia tu, mama. Ningekuja hata kuwapa mkono." Alikuwa analia. Mimi sikulia. Kampuni ilirudisha arbuni bila kukata hata senti, kwenye akaunti waliyoikubali warithi wote. Dada yule hana dhambi, na kampuni yake haina dhambi.

Nilipotoka eda tulikaa warithi wote. Mama mkwe alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Wanangu walisamehe, watoto hawana la kufanya kwa mama yao. Fungu langu katika nyumba na mikarafuu nilimwandikia Mize. Halifiki hata robo ya haki yake niliyoipoteza.

Mize hakuuliza habari ya pesa. Aliitaka simu. Akasoma kuanzia juu, taratibu, mpaka chini.

"Siku ya arubaini," alisema, "siye tuko barazani tunamsomea baba, weye ulikuwa ndani unamwandikia mtu kuwa baba anakunywa chai?"

"Ndiyo."

"Na nilipokuja kukulilia ukanambia tushukuru, kazi ya Mungu."

"Ndiyo, mwanangu."

Akaiweka simu juu ya mkeka baina yetu. "Baba hakuwa akipenda muhogo," alisema. "Sikusamehe. Labda siku nyingine, lakini leo sikusamehe."

Akarudi Chake. Chumba alishatolewa, anakaa kwa shoga yake, watoto wanalala chini. Kiwanja chake kimeota majani. Tukionana ananiamkia, ananiuliza hali. Haniiti mama. Ananiita Bi mkubwa, kama anavyomwita mtu yeyote njiani.

Ndugu zangu, mnaonunua gari na mnaonunua chochote kikubwa. Lipeni kwenye akaunti ya kampuni, ile iliyoandikwa kwenye ankara mliyopewa mkononi. Simu ikiwaonyesha jina la mtu, rudini nyuma. Mkiambiwa akaunti imebadilika, pigeni namba ya ofisini mliyopewa siku ya kwanza, msipige ile iliyokuja na ujumbe. Mkiharakishwa, simameni. Anayewaandikia akikataa kuongea kwa sauti, mjue pana jambo. Na wewe unayeogopa kuongea kwa sauti, jiulize unaogopa nini.

Na mliofiwa, mkiwa mmeshika simu ya marehemu na ikalia, ipokeeni. Semeni amekufa. Mimi nilishindwa kulisema neno hilo moja, na watoto wa Mize wanalala kwenye sakafu ya watu.